Mzigo Uliobaki Mpui

Kimbelembele changu kilianzia kwenye picha. Parokia yetu hapa Sumbawanga ina urafiki na parokia moja ya Ujerumani, na kila wageni wakija naitwa mimi kutafsiri, kwa kuwa nafundisha Kiingereza sekondari na wazee wanaamini Kiingereza changu hakina kona. Miongoni mwa wageni wa safari ile alikuwepo bibi mmoja mwenye mvi kichwa kizima, mpole, mwenye kusikiliza kuliko kusema. Baada ya Misa tulikaa ukumbini tukinywa chai, akatoa simu yake akatuonyesha nyumba anayofanyia kazi tangu alipostaafu.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa, ya kawaida kabisa. Alieleza kwamba zamani, nchi yao ilipokuwa imekatwa vipande viwili, Mashariki na Magharibi, watu waliotoroka upande mmoja kwenda wa pili walipokelewa pale. Walipewa kitanda, blanketi, bakuli, wakasubiri mpaka wapatiwe pa kuishi. Siku hizi pamekuwa makumbusho. Tuliona vitanda vya chuma vya ghorofa, masanduku ya safari yaliyochakaa, viatu vya mtoto ndani ya kabati la kioo. Mzee mmoja wa kanisa alinituma nimuulize kama kweli wale watu walikuwa wanawakimbia Wajerumani kwenda kwa Wajerumani. Bibi akasema ndiyo, ilikuwa hivyo hivyo. Wazee walicheka, halafu kicheko kikakatika na kila mtu akarudi kwenye kikombe chake.

Akasema makumbusho wanaandaa chumba kingine, cha watu waliokimbia makwao sehemu nyingine za dunia na watu waliowapokea. Akauliza kama huku kwetu, karibu na ziwa, wakimbizi waliwahi kupita. Ningeweza kumjibu tu kwamba walipita wengi. Badala yake nilikaa vizuri kitini, nikasema kwamba nyumbani kwetu Mpui tuna mzigo wa mkimbizi, umefungwa mpaka leo, haujawahi kufunguliwa. Macho ya bibi yaliwaka. Nami nikajiona mtu.

Huo mzigo niueleze. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, wakati mama alipompokea mwanamke mmoja kutoka Kongo. Alivuka ziwa na watoto wawili, akashukia Kirando, kando ya ziwa, akadandia lori la wafanyabiashara wa dagaa lililokuwa linapandisha huku juu. Lori likaharibika Mpui. Mama alikuwa shambani anavuna ulezi, akawaona wamekaa kando ya njia na baridi ya Ufipa inawapiga, akawaambia waje nyumbani mpaka gari litengemae. Gari lilitengemaa likaondoka, wao wakabaki. Alilala kwenye chumba cha nafaka, akavuna ulezi na mama, akapalilia maharage na mama, wakaitana dada. Mama alikuwa anakicheka Kiswahili chake cha Kikongo, naye akikicheka cha mama chenye Kifipa ndani, na kwa kuchekana huko wakaelewana kila kitu. Mimi nilimkuta likizo tu. Sura yake imenitoka. Nakumbuka mtoto wake mdogo alikuwa na kikohozi kisichoisha na mama alikuwa anamchemshia majani.

Kisha likaja tangazo kwamba watu wote wa ng'ambo ya ziwa wanaoishi vijijini wapelekwe kambini. Lori lilisimama kwenye ofisi ya kijiji. Asubuhi hiyo yule mwanamke alimkabidhi mama mzigo uliofungwa kwa kitenge na kukazwa kwa kamba, mkubwa kidogo kuliko kichwa cha mtu. Alikuwa amesikia kwamba njiani watu wanaporwa. Akasema ataufuata. Mama akaupandisha jikoni, juu ya uchaga, kile kichanja cha miti juu ya mafiga ambako tunaweka mbegu za mahindi zipate moshi zisibunguliwe. Kwa mkulima wa Ufipa hakuna mahali salama kupita hapo, kwa sababu familia inaweza kulala njaa na mbegu ya uchagani isiguswe.

Tangu hapo, kila mwaka kabla ya kupanda, mama akishusha mbegu hushusha na mzigo. Huukung'uta masizi, hubadilisha gunia la nje likichakaa, huukaza kamba mpya. Kitenge cha ndani hakijawahi kufunguliwa. Marehemu baba aliwahi kusema labda ndani kuna kitu kimeoza, mama akamwambia asubiri amuulize mwenyewe akija. Nilipowajengea nyumba ya bati nilitaka kulivunja lile jiko la nyasi linalonitia aibu kila nikija na marafiki. Mama aliniuliza, kwa upole kabisa, kama nimeshaamua mzigo wa dada yake utakaa wapi. Jiko lipo hadi leo.

Basi huo ndio niliouahidi. Bibi aliporudi kwao tuliandikiana, nikamweleza habari zote, tena kwa Kiingereza cha kujipamba, mpaka akanijulisha kwamba wakubwa wake wamefurahi sana na kwamba atakuja tena, safari hii kwa ajili ya kuuchukua. Sikuwa nimemwambia mama neno. Nilimpigia simu wiki ya kuja kwa mgeni. Nilisema kuna bibi Mjerumani anakuja kuuchukua mzigo wa yule mama wa Kongo, akauweke mahali pa heshima huko kwao. Nilijiandaa kubishana naye. Mama akasema vema, tunamsubiri, akaniuliza huyo mgeni anakula pilipili au hali. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa rahisi. Nilimsifia hata kwa mke wangu kwamba mama siku hizi ameelimika.

Tuliondoka mjini asubuhi kwa gari la parokia. Bibi alikuwa amebeba kisanduku cha plastiki amekipakata mapajani njia nzima. Tulipoingia uani pale Mpui nilijua kuna jambo sikulielewa, ila sikujua ni lipi. Ua ulikuwa umefagiliwa mpaka michirizi ya ufagio inaonekana. Majirani walikuwa wamekaa kwenye mabenchi ya kigango, wanaume upande mmoja na chungu cha pombe ya ulezi, wanawake upande wa jiko. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha Pasaka. Katikati ya ua palikuwa na mkeka mpya, na juu ya mkeka mzigo, umeshashushwa, umevikwa gunia jipya jeupe. Pembeni yake kulikuwa na kikapu cha unga wa ulezi, maharage kwenye kibuyu, na vifurushi vidogo vidogo ambavyo sikuvitambua.

Mama alipiga magoti mbele ya yule bibi, akamsalimu kwa Kifipa huku akipiga makofi ya taratibu, kama anavyosalimiwa mtu mzito aliyetoka mbali. Bibi naye akapiga magoti, na mvi zake zote, na wanawake wakafurahi. Nilisimama katikati yao na tabasamu langu la mkalimani. Kisha mama akanigeukia.

"Muulize, dada yangu hajambo?"

Nilidhani sikuelewa. Akaendelea bila kusubiri. Nimuulize kama yule mtoto mdogo kikohozi kilikwisha. Nimuulize kama yule mkubwa ameolewa. Akanyoosha mkono kuonyesha vile vifurushi: hizi mbegu za maboga ni za jirani yetu aliyelima naye, hii sabuni ni ya binti aliyekuwa rafiki wa mkubwa, unga ni wa kwake mwenyewe, dada asije akasahau ugali wa ulezi huko alikofika. Wanawake walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokifanya.

Mama hakuwa mjinga, naomba hilo lieleweke. Alifikiri kama ambavyo mtu yeyote wa kwetu angefikiri. Amana haichukuliwi na mtu mwingine ila mwenyewe au aliyetumwa na mwenyewe. Kambi zile alisikia zilikuwa na Wazungu, na watu wa kambini alisikia wengine walipelekwa Ulaya. Kwa hiyo mwanaye wa kwanza, msomi, aliposema kuna bibi wa Ulaya anakuja kuuchukua mzigo wa yule mama, angefikiri nini kingine? Mtu apande ndege kufuata mzigo wa mwanamke asiyemjua, ili akauangalie? Hilo halikumwingia akilini, na nilipokuwa nimesimama pale uani hata mimi halikuniingia tena.

Bibi aliniuliza mama anasema nini. Nilimjibu kwamba anamkaribisha. Ndilo neno nililotoa. Bibi akashukuru, akafungua kisanduku chake. Ndani kulikuwa na karatasi laini nyeupe na glavu za kitambaa. Alizivaa zile glavu polepole. Mama akawageukia wenzake akawaambia waone jinsi mzigo wa dada unavyoheshimiwa. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele.

Sitaki kujifanya mtu mwema. Kwa kitambo kifupi niliona wazi kwamba ningeweza kuliacha lilivyo. Mama angefurahi mpaka kufa kwake. Bibi angepata alichofuata. Majirani wangekula wakanywa wakaenda kusimulia. Mimi ningebaki kuwa yule yule mwalimu aliyeunganisha watu. Wote pale walikuwa na furaha na ni mimi tu niliyekuwa nawaka moto chini ya shati. Ila bibi, mikono ikiwa tayari ndani ya glavu, aliniomba nimuulize mama kama anaridhia mzigo ufunguliwe na vilivyomo vionyeshwe kwa watu. Alisema hawezi kuugusa bila jibu hilo. Nilijaribu kulitunga swali kwa Kifipa na Kifipa chote kikanikimbia. Nilijaribu Kiswahili. Nacho hakikutoka.

Nilimwomba mama twende nyuma ya jiko.

Nilimwambia hapo, kati ya ukuta na rundo la kuni, nikiangalia miguu yake. Nilimweleza kwamba yule bibi hakutumwa na mtu. Kwamba kwao kuna nyumba ya kuweka vitu vya wakimbizi ili watu waje wavitazame, na kwamba ni mimi niliyemwambia habari za mzigo na kumwahidi. Mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo dada yangu hamjui."

"Hamjui, mama."

"Hajui hata kama yu hai."

Nilitikisa kichwa. Alichungulia uani, akawatazama watu wake, akafunga vizuri kitenge chake ambacho hakikuwa kimelegea. "Na hawa wote nimewaita mimi," akasema. Nilitaka anigombeze. Nilikuwa na ukosefu wa haya wa mtu anayetaka agombezwe ili yaishe. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba mgeni asikae na njaa, kuku ameshachinjwa, na kwamba majirani nitawaambia mimi mwenyewe, yeye hana mdomo huo.

Niliwaambia. Nilisimama karibu na ule mkeka nikaanza kwa Kifipa, kwa sababu wazee wale ukiwazungumzia jambo la aibu kwa Kiswahili ni sawa na kuwasomea tangazo la serikali. Sikufika mbali. Miaka yote ya mjini, ofisini na darasani, nimekitumia Kifipa kwa salamu na utani tu, na hapo nilihitaji maneno ya kuomba radhi. Nikakwama. Nikamalizia kwa Kiswahili, kama mtendaji wa kijiji. Hakuna aliyenizomea. Mzee mmoja alifuta mdomo, akaweka kata yake ya pombe chini. Yule jirani wa mbegu za maboga aliinuka, akachukua kifurushi chake kutoka kwenye mkeka, akakirudisha kwenye pindo la khanga, akakaa. Hilo ndilo linalonirudia nikilala. Alikuwa amezichagua vizuri kabisa, kila mbegu nene.

Kisha nikamwambia bibi, na hapo Kiingereza kilikuwepo chote, hakikunikimbia hata kidogo. Uso wake ulibadilika rangi. Alivua glavu, moja, halafu ya pili, akazirudisha kisandukuni. Aliniuliza kwa nini nilimwambia kwamba mama anamkaribisha. Akasema kitu ambacho hakuwa amekisema mjini: kwamba yeye mwenyewe alilala kwenye kile kitanda cha chuma alichotuonyesha, au kinachofanana nacho, akiwa msichana mdogo na mama yake. Vitu vyao walimwachia jirani wa upande ule walikotoroka. Hawakujua jirani alivifanyia nini, na jirani alishakufa. Alisema mama yake alikuwa akimlaumu jirani huyo mpaka uzeeni, bila ushahidi wowote. Akaniomba nimfasirie mama hilo, lote, nisipunguze.

Nilifasiri lote. Mama akamshika yule bibi mkono ule uliokuwa umevuliwa glavu, akamwongoza kwenye chakula. Walikaa mkeka mmoja. Mama akamtafutia finyango la paja. Majirani nao wakasogea, maana chakula ni chakula, na baada ya kitambo kidogo wanaume walikuwa wanambishia bibi kwamba pombe ya ulezi haimleweshi mtu mwenye akili. Mimi nilikula nimesimama. Hakuna aliyenikataza kukaa. Sikuona pa kukaa.

Kabla hatujaondoka mama alinikabidhi mzigo. Alisema miguu yake siku hizi haipandi vizuri, niurudishe mimi. Niliingia jikoni na suruali yangu ya ofisini, nikapanda juu ya kinu, nikausukuma mzigo katikati ya mahindi ya mbegu yaliyokauka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuubeba. Ulikuwa mwepesi. Nilikuwa nimeuandikia barua nzima ya sifa na sikuwa nimewahi hata kuunyanyua. Masizi yaliniingia machoni, na nilipotoka watu walidhani nimelia, na wala sikuwasahihisha kwa kuwa hawakukosea sana.

Bibi aliondoka na kisanduku kitupu. Sikutegemea kumsikia tena, ila baada ya miezi kadhaa aliniandikia. Wakubwa wake walikuwa wamekubali wazo lake: watatenga kabati moja la kioo bila kitu ndani, na kikaratasi cha maelezo tu. Alinitumia maneno ya kikaratasi hicho niyapitie. Yalisema kwamba katika kijiji kimoja cha Tanzania upo mzigo wa mwanamke aliyekimbia vita, kwamba aliyeachiwa hajaufungua, na kwamba mwenyewe anasubiriwa. Niliona ni maneno mazuri sana. Nilisahihisha nukta moja, nikajibu kwamba hayana kasoro. Kabati likafunguliwa, picha ikaja kwenye simu.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Mpui kumwonyesha mama. Nilidhani hatimaye nina kitu cha kumpa. Alikuwa ametandaza maharage uani, anachambua. Alifuta mikono, akaishika simu kwa mikono miwili, nikamsomea kikaratasi, nikimtafsiria neno kwa neno. Aliniomba nirudie. Nikarudia.

"Wameandika kijiji gani?"

Nikasema wameandika kijiji kimoja cha Tanzania.

"Sasa dada akipita hapo akasoma," akasema, "atajuaje kuwa ni huku?"

Nilikuwa nimeyapitia yale maneno. Nilikuwa nimeyasifu. Mimi niliyezaliwa Mpui, niliyefundishwa jina la kijiji chetu kabla ya kujua jina la nchi, sikuona kwamba halimo. Niliona ni habari nzuri, yenye huzuni ya kupendeza, ya kusomwa na watu wanaopita na makoti yao wakaenda kunywa kahawa. Mama peke yake ndiye aliyeisoma kama ujumbe wa kufikishwa kwa mtu. Nilitamani ardhi ya ule ua inipokee, na maharage yake juu.

Alinisogezea kigoda. Akaniambia niandike hapo hapo, yeye akisikia, niwatumie. Nikaanza kuandika kwa sauti, kwamba ukifika stendi ya Sumbawanga uchukue gari linaloelekea Tunduma. Aliniwekea mkono kwenye goti.

"Sumbawanga haijui huyo," akasema. "Anzia Kirando, mtumbwi unaposhusha watu. Yeye atakuja kwa njia aliyojia."

Nikafuta. Nikaandika Kirando.